Usivunje kiuno kwa ajili ya samaki!

Wiki hii tuache kidogo habari za mavazi na mapenzi, tuzungumzie lile tangi la kioo la samaki wa mapambo lililoko sebuleni kwako, pale kando ya televisheni. Najua vijana kibao wa mjini wanalo, na wasio nalo wanalitamani. Unaingia kwa mshikaji unakuta samaki wekundu wanakatiza taratibu, taa inawaka, mapovu yanapanda, unasema moyoni huyu jamaa kajipanga. Hakuna anayekwambia habari ya ndoo.

Mimi mwenzenu habari ya ndoo nimeijua kupitia kiuno cha mama yangu mzazi.

Iko hivi. Nilikwenda Morogoro msibani, niliaga siku nne nikakaa tisa. Kazi ya samaki nilimwachia mdogo wangu, nikamwelekeza kila kitu, akaitikia "ndiyo kaka" kama mtu na akili zake. Nilipopanda basi tu, dogo akaingia mitini. Siku ya sita mama akaona samaki wote wamepanda juu, midomo wazi, wanatweta. Sasa mama yangu huyu siku zote samaki wangu huwaita "mboga zisizoliwa", lakini siku hiyo roho ikamuuma. Akachukua ndoo ya lita 20, akachota maji machafu, akayatoa mpaka uani, akarudi, akatoka tena. Halafu akajaza maji safi bombani, akaingia nayo ndani, alipoinyanyua ndoo imimine juu ya tangi kiuno kikalia "ka!" Akakaa chini palepale, maji yakamwagikia khanga.

Mama anauza vitumbua alfajiri. Wiki tatu nzima hapakuwa na vitumbua mlangoni kwetu, na sitaki kukudanganya msomaji, nyumba yetu inakula kwa hivyo vitumbua, mimi na kalamu yangu hii tunachangia sukari. Nilirudi nikamkuta amelala chali mkekani, samaki wazima wanacheza. Nikamuuliza, "Mama, kwa nini usingewaacha tu?" Akanijibu bila kugeuka, maana kugeuka alikuwa hawezi, "Wangekufa ungesema nimekuulia mimi."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikasema tangi naliuza kesho. Halafu nikakaa, nikapiga hesabu ambayo nilipaswa kuipiga kabla ya kulinunua.

Tangi langu lina urefu wa sentimita 90, upana 40, na maji yanafika kimo cha sentimita 45. Ukizidisha unapata lita 162. Lita moja ya maji ni kilo moja, hilo hata sisi wa kidato cha nne tunalikumbuka. Kwa hiyo hapo sebuleni pamekaa kilo 162, bado kioo na kokoto. Ukitaka kubadili robo tu ya maji, unatoa lita 40 na kurudisha lita 40, jumla kilo 80. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Maana yake kila wiki mtu wa nyumba hii alikuwa anabeba zaidi ya mfuko mmoja na nusu wa saruji, sebuleni mpaka uani, uani mpaka sebuleni, kwa ajili ya samaki watano!

Na ubaya wenyewe si uzito peke yake, ni mkao. Kuli wa bandarini anaupakata mzigo kwenye bega, karibu na mwili. Wewe na ndoo ya samaki unainama, unainyanyua kwa mikono iliyonyooka mbele, unajipinda pembeni usigonge taa, unaipandisha mpaka usawa wa kifua. Kiuno hakipendi kuinama na kujipinda kwa wakati mmoja huku kimeshika mzigo. Daktari aliyemwona mama alisema hivyo hivyo, tena alinitazama mimi.

Kabla sijakupa dawa, tuelewane kwanza kwa nini maji yabadilishwe, maana wako wanaosema mbona ziwani habadilishi mtu. Samaki anakula humo, anajisaidia humo, na hata pumzi yake inayopita kwenye mashavu inatoa amonia, sumu ileile inayokuchoma pua ukiingia choo cha stendi. Kwenye kokoto na kwenye filta wanaishi bakteria wazuri wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, halafu wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ni afadhali. Lakini nitrati haina pa kwenda. Inajilimbikiza wiki hadi wiki mpaka uitoe pamoja na maji, au mimea iinyonye. Ziwani kuna maji mengi na mimea mingi, samaki wako ana lita 162 tu, na pengine wako ana 40.

Ndiyo maana kujazia siyo kubadili. Maji yakipungua kwa joto, kilichopaa ni maji matupu, uchafu umebaki palepale. Ukijazia kila siku bila kutoa unaongeza juu ya yaleyale.

Na usije ukafanya kama mshikaji wangu mmoja wa kijiweni, yeye kila mwisho wa mwezi anamwaga maji yote, anasugua kokoto kwa sabuni ya unga, anaosha filta kwa maji ya bomba mpaka inang'aa. Anaua bakteria wote wazuri halafu anashangaa samaki wanageuza matumbo juu siku ya nne. Sehemu moja ya kumi mpaka robo ya maji kila wiki inatosha kwa tangi la kawaida lisilojaa samaki kama daladala ya saa kumi na mbili jioni. Sponji ya filta ikamulie kwenye ndoo ya maji machafu uliyotoa tangini, basi. Hii ya kidogo kidogo inawafaa samaki, na kiuno nacho kinapumua.

Haya, sasa dawa. Maji yasibebwe. Yaache yatembee yenyewe.

Bila shaka umewahi kumwona utingo akihamisha dizeli kutoka kwenye tangi la lori kuingiza kwenye dumu. Anatumbukiza mpira, anavuta kwa mdomo, anatema, mafuta yanashuka yenyewe mpaka dumu linajaa. Fizikia mimi niliambulia D, lakini hili nimelielewa: ilimradi mpira umejaa maji na ncha ya nje iko chini kuliko uso wa maji ya tangi, maji yatapanda ukingo yenyewe na kushuka upande wa pili, hayataki pampu wala umeme. Ukiishusha zaidi ncha ya nje, yanakwenda kasi zaidi. Hewa ikiingia, mchezo umekwisha, unaanza upya.

Nenda duka la vifaa vya ujenzi, omba mpira ule mweupe unaoonyesha ndani, ule mafundi wanaopimia levo ya ukuta. Wa nusu inchi unafaa. Uwe mrefu wa kutoka tangini mpaka mlangoni na ziada ya hatua mbili, na usiwe mgeni wa kupima kwa macho kama mimi nilivyofanya, ukaishia kizingitini. Uzuri wa kuona ndani ni kwamba ukiona kasamaki kadogo kanasafiri kuelekea uani unawahi kuubana. Au funga kipande cha chandarua kwenye ncha ya ndani, uwe na amani.

Kwa kusafisha kokoto, chukua chupa ya plastiki ya maji au ya soda, kata kitako, ingiza mpira kwenye shingo ya chupa na uukaze. Ule upande mpana uchomeke kwenye kokoto. Kokoto zitaruka ndani ya chupa kama mahindi ya bisi halafu zitaanguka kwa sababu ni nzito, ila uchafu mwepesi utapanda na kwenda zake. Kama zinataka kupanda nazo, banabana mpira kwa kidole kupunguza kasi. Hapa mimi hujisahau, naweza kukaa nusu saa natazama uchafu unavyohama, raha yake wee acha tu.

Ila kitu kimoja tafadhali, utingo muige kila kitu isipokuwa kuvuta kwa mdomo. Maji yale yana vijidudu vya kinyesi cha samaki, na utayameza tu siku moja, nakuhakikishia. Tumbukiza mpira wote ndani ya tangi mpaka mapovu yaishe, ziba ncha moja kwa dole gumba, itoe nje uishushe chini, achia. Tangi likiwa dogo mpira hauingii wote, ujaze kwa maji ya bomba, ziba ncha zote mbili, tumbukiza moja, shusha nyingine, achia zote. Na walio karibu na wavuvi wa mashine wana ujanja wao, kile kibofu cha mpira kinachominywa kupeleka petroli kwenye injini ya boti, ukinunua kipya ambacho hakijawahi kuona petroli, ukakipachika katikati ya mpira wako kwa kufuata mshale uliochorwa juu yake, unaminya mara mbili tatu maji yanakuja. Bomba ile mbaya.

Na kama mkono una kidonda, usiuingize tangini. Kuna kijidudu cha familia moja na cha kifua kikuu kinachoishi kwenye maji ya samaki, kinaingia kwenye mchubuko na kuleta vivimbe vya ngozi visivyopona haraka. Vaa glavu au muite dogo, leo ana deni.

Kwangu lita 40 zinatoka kwa kama dakika sita hivi. Dakika sita nimekaa kwenye kigoda! Anayeishi ghorofani aelekeze mpira bafuni, asithubutu kumwaga kwenye baraza akalowesha nguo za jirani wa chini, tutasikia kesi. Sisi wa nyumba za chini tunapeleka bustanini. Ile nitrati niliyokwambia ni mbolea, mchicha na matembele vinaipenda mno. Kwa mji ambao siku nyingine bomba linakohoa hewa tu na maji unanunua kwa dumu, kumwaga lita 40 mtaroni ni dhambi. Isipokuwa kama ulitia dawa ya samaki au chumvi, hapo usimwagie mboga.

Kutoa ni rahisi, kasheshe ni kurudisha, kwa sababu sasa maji lazima yapande.

Mimi nina pipa la plastiki la lita 60 lenye mfuniko, liko kwenye kona ya ukumbi, hatua nne tu kutoka kwenye tangi. Ijumaa jioni nalijaza kwa mpira moja kwa moja kutoka bombani, sibebi kitu. Mfuniko nauacha wazi kidogo, maji yanalala mpaka kesho jioni. Kulala huko kuna kazi mbili. Klorini inayotiwa kwenye maji ya bomba inapaa, na joto la maji linakaribiana na la chumba. Klorini inamuunguza samaki mashavu na kuua wale bakteria wetu. Asiye na nafasi ya pipa anunue matone ya kuondoa klorini kwenye maduka ya samaki, na ikiwa maji ya kwenu yametiwa kloramini badala ya klorini ya kawaida, basi kulala hakusaidii, matone ni lazima. Maji ya kisima yenye chumvi, kama yale ya mitaa mingi ya pwani, usiwawekee samaki hawa, waachie wenye kufua.

Jumamosi naingiza ndani ya pipa pampu ndogo ya kuzamisha, ile ya chemchemi za bustani, mpira wake unapanda mpaka tangini. Ukinunua soma kwenye boksi inapandisha maji urefu gani. Kama ukingo wa tangi lako uko mita 1.2 kutoka chini, chukua inayosema mita 2 au zaidi, maana inayosema mita 1.2 ikifika hapo inatoa machozi tu. Inasukuma, mimi nakunywa chai.

Siku ya kwanza, lakini, ilinitokea aibu. Nilizamisha ncha ya mpira ndani kabisa ya tangi ili isipige kelele, nikawasha pampu, tangi likajaa, nikazima, nikaenda kumsindikiza mgeni mpaka kituoni. Sikujua kwamba pampu ikizimwa ule mpira unageuka kuwa mpira wa utingo. Maji yakaanza kurudi yenyewe kinyumenyume kutoka tangini kuingia kwenye pipa, na kwa vile pipa nilikuwa nimelijazia tena kwa sifa, likafurika. Nilikuta kapeti linaelea na dogo amesimama juu ya kochi anacheka. Kwa hiyo ncha ya mpira ifunge kwenye ukingo kwa kibanio cha nguo, ibaki juu ya maji, isizame. Hata umeme ukikatika ghafla, kitakachorudi ni kile kilichomo kwenye mpira tu.

Na umeme usiuchezee. Kabla hujatia mkono tangini chomoa kila kitu ukutani, filta, taa, pampu na hita kama unayo. Filta ikibaki inazunguka maji yakiwa yameshuka inaungua, na hita ikikauka ingali ya moto kioo chake kinapasuka. Waya wa kila kifaa uache uning'inie chini kidogo kuliko soketi kabla ya kupanda, ili tone likifuata waya lidondokee sakafuni lisiingie kwenye soketi.

Wenye tangi jeusi la maji juu ya paa mnaweza kuona mimi nahangaika bure, nyinyi mnafungua tu bomba la jikoni, mpira unajaza tangi la samaki. Ni kweli, maji ya juu yanashuka yenyewe. Ila jamani, saa nane mchana maji ya tangi jeusi yanaweza kukoroga chai! Jirani yetu mmoja alipoteza samaki sita kwa dakika kumi kwa njia hiyo. Jaza asubuhi mapema, tia mkono kwanza kusikia joto, na matone ya klorini yatangulie kuingia, ukipima kwa lita za tangi zima na siyo za maji unayoongeza tu.

Pampu imekushinda bei? Basi beba, lakini beba kwa akili. Jaza ndoo nusu, lita 10 kila mkono, mwili uwe sawa pande zote mbili. Kunja magoti, mgongo uache wima. Weka stuli imara kando ya tangi, ndoo itue pale, kisha chota kwa kopo ukimimina taratibu juu ya sahani ili kokoto zisitibuke. Utachelewa dakika kumi. Mama alichelewa wiki tatu.

Halafu kuna njia ya kupunguza kazi kutoka kwenye mzizi, ambayo wengi hamtaipenda. Punguza samaki na punguza chakula. Wale samaki wa dhahabu unaowanunua wakiwa na urefu wa kidole hukua wakapita kiganja cha mtu mzima, na kila mmoja anachafua ipasavyo. Walishe kinachoisha kwa dakika mbili. Watakutazama kama wana njaa ya mwaka mzima, usanii mtupu. Panda na majani ya maji, yale yanayokua haraka. Huko London mkemia mmoja aitwaye Robert Warington alionyesha mwaka 1850 kwamba mimea na samaki wakikaa pamoja kwenye chombo kimoja maji yanadumu, na mwaka 1853 wakafungua nyumba ya samaki kwenye bustani yao ya wanyama watu wakajaa kutazama. Uvivu wa kubadili maji haukuanza na sisi.

Wale waliotoboa maisha wakafuga samaki wa Ziwa Tanganyika au mbuna wa Ziwa Nyasa, samaki wetu wenyewe ambao Wazungu wanawanunua kwa pesa ya maana, wawe waangalifu zaidi. Maji ya Tanganyika ni magumu, pH yake inakaribia 9. Kwa samaki hao kubadili maji mengi kwa mpigo na maji laini ni kuwapiga shoti. Kidogo kidogo, kila wiki.

Samahani, nimesahau kukwambia kuhusu mama. Alipona, vitumbua vimerudi, ingawa gunia la mchele sasa analisukuma dogo atake asitake. Jumamosi ya kwanza nilipofunga mpira alisimama mlangoni akitazama maji yanavyotoka yenyewe kwenda kwenye ndoo zake kuukuu alizopanda matembele. Hakusema kitu. Jumamosi iliyofuata nilichelewa kuamka, nikamkuta amekaa kwenye kigoda, ncha ya mpira mkononi, anaihamisha ndoo moja mpaka nyingine, tangi limeshashuka robo kamili.

"Wewe lala tu," akaniambia. "Hii ya kutoa ni kazi yangu. Hiyo mashine yako ya umeme ndiyo siitaki."

Matembele tumeyala juzi. Wiki ijayo panapo majaliwa nitakueleza jinsi ya kuishi na mwenye nyumba anayepiga hodi tarehe 28 wakati kodi yake ni tarehe 30.